Baki ya Dawa ya Bi Somoe

Sheikh wetu uliyetuongozea hitma, wazee wa ukoo mlioketi upande wa kibla, mwenyekiti wa kijiji, mganga mfawidhi wa zahanati, kina mama wa Mbwera mliomwosha marehemu na kumvika sanda, majirani mliovuka mito kuja kukaa nasi, watani wenzangu, na wewe Mwanaidi, binti yake wa pekee, niliyekuweka mwisho si kwa udogo wako bali kwa sababu maneno haya yataishia kwako: nawasalimu kwa salamu niliyofunzwa na marehemu mwenyewe. Assalaam alaykum.

Nimeomba nafasi hii kabla sinia hazijatoka. Nimeandika barua. Nilipomweleza Sheikh kwamba mwandikiwa ni marehemu mwenyewe, alinitazama, akapangusa miwani, kisha akasema maiti hasomi, ila waliokaa jamvini wana masikio, kwa hiyo nisome kwa sauti. Nasoma.

Mtani wangu, Bi Somoe,

Leo umetimiza siku arobaini. Mpunga wako umevunwa. Nguruwe waliingia kona ya shamba iliyo karibu na mikoko, wakala walichokula, na kilichobaki Mwanaidi amekipeta na kukitia kwenye magunia. Dungu lako la kulindia shamba lingali limesimama juu ya miti yake, ngazi imekatika kidato kimoja. Zahanati wamepaka chokaa. Kigoda chako cha kukalia mbele ya miguu ya watu kimewekewa mafaili, na yule mhudumu mpya, binti mpole, hajui kwa nini kila mgonjwa akiingia hukitazama kwanza kigoda ndipo amtazame yeye. Katika droo ya chini kuna kidonge cha uzi mwekundu. Nimekiomba, wamenipa. Ninacho mfukoni sasa hivi.

Siku ya maziko yako sikufanya utani. Wote waliopo hapa wanalijua hilo, na wengi wamelisema pembeni. Mimi ni Mnyamwezi, wewe ni Mndengereko. Babu zangu walifika pwani na mizigo vichwani, babu zako wakawapokea kwa maji ya kunywa na matusi, na tangu hapo imekuwa haki yetu kutukanana na wajibu wetu kuzikana. Mtani hukaa mlangoni jeneza lisipite. Mtani huvaa kanga ya marehemu akaiga mwendo wake, waliolia wakacheka, kisha wakalia vizuri zaidi. Watu walinisubiri. Mama mmoja alinivuta mkono akasema, “Mnyamwezi, leo huna kelele? Au umekuja kuzika kama mgeni?” Nilimjibu kwamba koo linaniuma. Halikuwa koo. Nilijua jambo moja kuhusu kifo chako ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na mwenye kuficha jambo hawezi kuchekesha watu.

Nitalisema leo. Lakini niruhusu nilifikie kwa njia tuliyopita mimi na wewe, kwa sababu nikilianza ghafla nitashindwa kulimaliza.

Unakumbuka nilivyofika? Nilikuwa mteknolojia wa dawa, cheti kibichi, viatu vyeupe. Boti iliniacha kwenye tope la gati maji yakiwa yamekupwa, nikazama hadi magotini, na wewe ulikuwa juu ukingoni umeshika kiuno. Hukunipa mkono. Ulisema, “Mnyamwezi gani anakuja pwani hana mzigo kichwani? Haya, beba huu,” ukanitwika boksi la dawa lililokuja na boti ileile. Nikakujibu kwamba afadhali mimi ninayebeba mizigo kuliko watu wanaojenga nyumba juu ya miti kwa kumwogopa nguruwe. Ulicheka hadi ukakaa chini. Nyumbani kwako nililala miezi mitatu kabla ya kupata chumba, na kila asubuhi uliniuliza kama Wanyamwezi nao hunawa uso.

Kwa cheo ulikuwa mhudumu wa afya tu. Mimi nilikuwa na cheti. Lakini uliyenifundisha kusoma mguu wa binadamu ni wewe. Watu wetu hushinda miezi ndani ya maji ya mpunga. Wakija zahanati huja na homa, na mimba, na watoto wanaoharisha, wala hawasemi habari ya miguu, kwani nani hapa hana vidole vilivyooza katikati? Wewe ulikuwa huulizi. Ulikaa kwenye kigoda, ukauweka mguu wa mtu kwenye paja lako, ukavitenga vidole kimoja kimoja, mtu akiona haya. Uliuosha, ukaukausha kwa kitambaa kilichofuliwa na kuanikwa juani, ukiingiza ncha yake kila katikati ya kidole na kidole. Halafu ndipo ulipofungua dawa. “Kausha kwanza, paka baadaye. Dawa juu ya maji ni kumpaka rangi samaki.”

Siku zile stoo ilikuwa na dawa za namna mbalimbali za fangasi, nyingine zimekaribia mwisho wa muda wake. Niliamini kwamba dawa ghali ndiyo bora, tena nilikueleza hivyo kwa maneno marefu. Ulinisikiliza hadi mwisho. Ukaniuliza, “Umeziona zikipigana?” Nikasema hapana, nimesoma. Ukasema basi tuziweke uwanjani.

Njia yako ya kuzishindanisha sijaiona kwingine. Mtu mmoja ana miguu miwili. Miguu hiyo imelala kitanda kimoja, imekanyaga tope moja, imevalishwa viatu vilevile kama ina bahati ya viatu. Kwa hiyo mguu wa kulia ulipewa dawa moja na wa kushoto nyingine, na kifundo cha mguu wa kulia kikafungwa uzi mwekundu ili asisahau. Klotrimazoli ilishindana na mafuta ya kopo, yale yenye asidi mbili, yanayochoma penye kidonda. Kisha klotrimazoli na terbinafini. Uliwaambia warudi kila baada ya siku saba, na waliporudi uliandika katika daftari la shule, kwa mwandiko mkubwa, jina la mtu, mguu, na neno moja tu: “nyevu”, “kavu”, “imefunga”. Wanaume wazima walikuwa wanapita kijijini na uzi mwekundu mguuni kama kuku wa mnada, na watani wenzangu mnakumbuka tulivyowasema.

Nakumbuka pia siku aliyorudi Mzee Mkumba. Mguu wake wa kulia ulikuwa unaendelea vizuri, wa kushoto ulikuwa umerudi kama mwanzo. Ukamuuliza dawa ya kushoto imekwenda wapi. Akajibu kwa utulivu mkubwa kwamba wiki ya kwanza mguu wa kushoto ulionekana umepona, kwa hiyo dawa yake amempa mkewe. Ulishusha kalamu. “Mzee Mkumba, mguu wako nao una watu wa kuwarithisha?” Naye akasema kwa ukali kidogo, “Bi Somoe, mimi si mchoyo wa dawa.”

Nilicheka peke yangu. Wewe hukucheka. Ulibaki ukilitazama daftari, kisha ukaanza kugeuza kurasa kurudi nyuma, ukimuuliza kila aliyekuja wiki ile: na yako iliyobaki iko wapi? Kwa shemeji. Kwa jirani aliye dunguni. Kwa mama mkwe, amepelekewa kwa boti. Nimeiweka, akitokea wa kuumwa. Katika kijiji hiki chumvi haipimwi ukiombwa, na dawa inafuata sheria ya chumvi. Mwasho ukiisha, kinachobaki katika tyubu si chako tena, ni cha mwenzio. Ni desturi njema, tena mimi niliyetoka mbali nimeishi kwa wema wake. Lakini fangasi haiishi siku mwasho unapoisha. Iko chini ya ngozi inasikiliza. Klotrimazoli inataka wiki tatu, nne, asubuhi na jioni, na iendelee kupakwa hata baada ya ngozi kuonekana safi. Tyubu moja iliyogawiwa watu wanne huwapa wote wanne nafuu, na haimponyi hata mmoja.

Hayo ndiyo yaliyotoka kwenye uwanja wako. Terbinafini ilitangulia, iliponya vidole siku chache mapema kuliko nyingine, na kwa mtu asiye na subira hilo ni jambo kubwa. Klotrimazoli ilifuata nyuma, ikafika. Mafuta ya kopo yalichelewa na yalilalamikiwa harufu na kuchoma, lakini kwenye ngozi ngumu isiyochubuka nayo yalifika. Tofauti kati ya dawa na dawa ilikuwa ndogo. Tofauti kati ya aliyemaliza na asiyemaliza ilikuwa kama bahari na kisima. Mimi niliyekuwa nimesoma sikulijua hilo. Ulinifundisha wewe, kwa uzi.

Na hukupenda kusifiwa, basi niseme pia ulipokosea. Mapunye yalipoenea kwa watoto wa chuo cha Kurani, uliwapaka wote ile dawa ya maji ya zambarau, kwa sababu ilikuwepo nyingi. Ijumaa ile msikiti mzima ulijaa vichwa vya zambarau. Kofia nyeupe hazikutakata tena, na mama zao walikutafuta kwa mwiko. Mapunye hayakushtuka. Nilikuonyesha kitabuni kwamba fangasi ya kichwani imezama kwenye mashina ya nywele, dawa ya kupaka haiifikii, inataka vidonge kwa majuma mengi kwa kipimo cha mganga. Ulinuna siku nzima. Jioni ukaja mlangoni kwangu na sahani ya wali na kambamiti, ukasema, “Kula, Mnyamwezi. Leo umebeba mzigo wa maana.” Ulikuwa na uwezo huo, mtani. Ukionyeshwa kosa lako, ulilichukua mkono kwa mkono kama mtu anavyopokea mtoto.

Mimi sina uwezo huo. Ndiyo maana imenichukua siku arobaini.

Nilihamia Kibiti. Mnajua wote kwamba nafanya kazi katika duka la dawa kule. Na kule dukani dawa ya ngozi inayotoka kwa wingi kuliko zote ni ile tyubu ndogo yenye dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria, na ya tatu ni steroidi, dawa ya kutuliza ngozi. Watu huipenda kwa sababu moja. Mwasho huisha siku ya pili. Mtu anarudi akicheka, anawaambia wenzake, wanakuja. Nilijua kasoro yake. Nilifundishwa darasani na nilifaulu swali hilo. Lakini mteja aliyekuja na jina la dawa mdomoni hachukui dakika mbili, na anayehitaji kuelezwa anachukua robo saa, na foleni iko nyuma yake. Nikazoea. Mazoea yana tabia ya kukaa mahali pa elimu bila kubisha hodi.

Ulikuwa umeitilia macho ile tyubu kabla mimi sijaizoea. Ilipoanza kufika Mbwera mifukoni mwa watu wanaotoka mjini, ulinipigia simu. Ulisema, “Mtani, kuna dawa huku inakimbia mbele ya ugonjwa. Naitilia shaka.” Ulikuwa umeiweka uwanjani. Mguu wa kulia klotrimazoli, mguu wa kushoto hiyo ya tatu kwa moja. Siku ya pili ya kushoto imeshinda. Siku ya saba imeshinda. Mwezi uliofuata fangasi ya kushoto imepanda hadi kwenye kisigino, imesambaa, haina hata ule mduara wa kawaida wa kuitambulia, na ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ulinisomea daftari lote kwenye simu. Nami nilikuwa na wateja. Nikakujibu, na maneno haya nayarudia mbele ya watu wako ili yasinifuate peke yangu: “Bi Somoe, hayo ni mambo ya watu wachache, usipate tabu nayo.”

Mwaka huu, mpunga ulipoanza kuiva, ulinipigia tena. Safari hii ulikuwa wewe mgonjwa. Vidole vya mguu wa kushoto vinakuwasha, hulali, na ndege wako shambani, na Mwanaidi peke yake hawezi. Ulisema ulikuwa umeanza klotrimazoli lakini inakwenda polepole. Ulisema, kama mtu anayejionea haya, “Nipatie kitu cha haraka. Nimalize mavuno, nitajitibu vizuri baadaye.” Mtani wangu, siku hiyo ndiyo siku ambayo ungepaswa kunikuta mimi niliyefundishwa na wewe. Nilijua una sukari. Nilijua mguu wa mwenye sukari ni amana. Ulimkuta mwuza dawa. Nilizifunga tyubu nne katika mfuko mweusi, nikampa nahodha wa boti pale Nyamisati, nikaandika jina lako juu, na moyoni nikajisifu kwamba nimekufaa.

Mwasho uliisha siku ya pili. Ulinipigia kunishukuru, ukasema tyubu hii unaijua, ni ya kukuvusha mavuno tu.

Yaliyofuata, hadi ulipofikishwa Kibiti, nayajua kwa kusimuliwa. Ulipaka kwa majuma, mguu ukionekana safi kwa juu. Ngozi katikati ya vidole viwili vya mwisho ikakonda, ikapasuka, na tope likaingia pale penye mpasuko. Kwa sababu ya sukari hukusikia maumivu mapema. Uliona uvimbe ukaufunga kitambaa, ukapanda dungu. Ulipofikishwa Kibiti ulikuwa hunitambui vizuri. Uliniita kwa jina la dada yako. Daktari alijitahidi. Ukapelekwa hospitali ya mbele, na huko ndiko ulikoishia. Daktari wa Kibiti alikuwa amenionyesha mahali palepale katikati ya vidole, akasema maradhi yaliingilia hapa. Akauliza kama ulikuwa unapaka kitu. Nikasema sijui.

Nikasema sijui, Bi Somoe.

Sisemi kwamba tyubu ile peke yake imekuua. Sukari ilikuwepo, tope lilikuwepo, kuchelewa kulikuwepo, na mwisho wa uhai uko kwa Mwenyezi Mungu. Nasema kwamba mlango mmoja miongoni mwa milango ile niliufungua mimi, kwa mkono ambao wewe uliufundisha kufunga.

Ningeweza kulibeba jambo hili kimya mpaka kaburini kwangu. Watu wengi hubeba makubwa zaidi. Lakini siku ya tatu ya msiba kina mama waligawa vitu vyako, kama ilivyo desturi. Kanga kwa dada zako, ungo kwa jirani, mkoba wa ukili kwa Mwanaidi. Ndani ya mkoba kulikuwa na tyubu tatu zisizofunguliwa na moja iliyokunjwa hadi nusu. Desturi ya chumvi haikufa nawe. Zile tatu zikagawiwa nyumba tatu zenye watu wanaojikuna. Ile nusu akabaki nayo Mwanaidi, kwa sababu ilikuwa na alama ya dole gumba lako.

Wiki iliyopita aliniletea ujumbe. Sitausoma wote. Alisema, “Dada, dawa ya mama imenifaa, mwasho wa kiunoni umeisha siku ya pili. Ila doa limepanuka sasa lina ukubwa wa sahani. Na Zuhura ametoka duara shavuni, nami nimempaka hiyohiyo. Ninapoipaka nahisi kama mama yupo.”

Nilikaa chini palepale dukani. Foleni ikasimama. Mjukuu wako Zuhura ana miaka miwili na nusu, Bi Somoe. Ana macho yako.

Basi nikajua kwamba nikiendelea kunyamaza, baki ya dawa yako itaendelea kutembea nyumba kwa nyumba ikiitwa urithi, na kila atakayeipaka atakuwa anakukumbuka. Haiwezekani kumbukumbu yako iwe hiyo. Wewe uliyekaa chini kwenye kigoda hukustahili kukumbukwa kwa kitu nilichokitia kwenye mfuko mweusi kwa haraka.

Nimewaza nikuombe msamaha kwa maneno gani. Nilijaribu maneno ya kanisani kwetu, nikajaribu na ya kwenu niliyoyasikia kwako. Yote ni mazuri na yote ni mepesi. Kisha nikakumbuka wali na kambamiti. Wewe ulipokosea hukuomba msamaha, ulileta kitu mkononi ukagonga mlango. Nami nimekuja na kitu mkononi.

Lala, mtani wangu. Lala usikaushe miguu ya mtu tena. Kigoda chako nitakiondolea mafaili leo hii kabla boti haijaondoka, na yule binti nimemwahidi kwamba kila mwezi nitashuka hapa siku mbili, tukae naye chini, tuvitenge vidole vya watu kimoja kimoja. Daftari lako nitalinakili kwa mwandiko unaosomeka, na nakala moja itakaa dukani kwangu juu ya meza, upande wa mteja. Hatanunua mtu kwangu tyubu ile bila karatasi ya mganga na bila robo saa yangu, hata foleni ifike barabarani. Hii ni ahadi, na nimeitoa mbele ya watu wako ili wanishike nayo. Ukiniona nasahau, nitokee ndotoni, unitukane. Nimezoea.

Wako, mzigo wake ukiwa kichwani,
Mnyamwezi.

Sheikh, wazee, mwenyekiti, mama zangu. Barua imekwisha, na yaliyobaki ni yenu.

Jana alasiri niliwaeleza wazee wa ukoo haya yote kabla sijayaleta hapa. Mzee mmoja aliondoka hatujamaliza kuzungumza, na sikumlaumu; leo amerudi, nimemwona amekaa, namshukuru. Wazee wamekubaliana na mwenyekiti na mganga mfawidhi, nami nimepewa kazi ya kutangaza. Kuanzia sasa, katika nyumba za ukoo huu na za kijiji hiki kwa ridhaa yake, dawa ya kupaka ya mgonjwa mmoja ni ya mgonjwa mmoja, nayo itamalizwa na aliyeanzishiwa. Anayetaka kumhurumia mwenzake amsindikize zahanati. Chumvi igawiwe kama kawaida.

Tena, tyubu zote za tatu kwa moja zilizoko hapa zikusanywe leo, kabla ya chakula. Mganga atazichukua ziteketezwe inavyopasa. Aliyekuwa anapaka asishangae mwasho ukirudi kwa hasira siku chache. Aje apimwe, apewe dawa ya fangasi isiyochanganywa na kitu. Nimekuja na boksi lake. Nimelibeba kichwani kutoka gatini, mliniona, mkacheka. Na anayeumwa sukari aje hata kama haumwi mguu.

Siku ya maziko sikukaa mlangoni. Leo nimekaa. Huu hapa ungo wa Bi Somoe, jirani ameniazima. Sitaki shilingi, sitaki kanga, sitaki jogoo. Mtani anadai tyubu, na mtani akikaa kizingitini mnajua wenyewe kwamba hapiti mtu wala sinia.

Mwanaidi, mdogo wangu. Ninajua ile nusu iko kwenye pindo la kanga yako, kwa sababu tangu hitma ianze umekuwa ukiigusa. Alama ya dole la mama yako sikuombi uisahau. Nipe tyubu, nami nakupa huu uzi mwekundu aliokuwa akiukata kwa meno. Mfunge Zuhura mguuni, halafu nipe mtoto nimtazame shavu.

Anza wewe. Ungo ni huu.